Milango Saba Tuliyoiruka Nyangezi

Vijana wangu, ninyi mnaotembea leo na mashine za kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, naanza kwa kuomba radhi. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, pale Kadutu, na herufi zangu hazikai kwenye mstari. Naandika polepole, na siku hizi mkono unachoka kabla ya ukurasa kuisha. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni kwa sauti. Mara nyingi mdomo unaelewa kitu ambacho jicho limekataa.

Jina langu ni Nsimire. Nimefanya kazi ya uchunguzi wa afya miaka mingi, nikitoka Bukavu kwenda vijijini na kurudi: kupima watoto, kuuliza nani alikufa, kujumlisha. Hakuna aliyenichagua kwa sababu ya akili. Nilianza kwa kushika miguu. Mtoto akilazwa kwenye ubao wa kupimia urefu, mmoja anashika kichwa, mwingine anashika magoti ili yasikunjwe. Mimi nilikuwa wa magoti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na aibu nyingi, na kazi ya magoti ilinifaa kwa sababu haihitaji kuongea.

Aliyenitoa kwenye magoti ni Papa Mugisho. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Vita ya pili ya Kongo ilipofunga shule yake, wale waliokuwa wanafanya uchunguzi walimchukua awe mkubwa wa namba zetu. Siku moja alikuwa anasoma fishe, zile karatasi za majibu zilizoandikwa na mwenzetu Bahati, ambaye aliandika haraka kama mtu anayekimbia mvua.

“Bahati, huyu mutoto iko na miezi kumi na moja ao kumi na saba?”

“Papa, ata miye sijui tena. Angalia urefu wake.”

“Niangalie urefu juu nijue umri? Na umri njo unaniambia kama urefu iko muzuri! Unanizungusha kama mbuzi ku kamba!” Akageuka, akaniona nimekaa kando na ubao wangu. “Weye wa magoti, andika hapa moja na saba.”

Nikaandika. Ilichukua muda. Bahati akaanza kucheka.

“Papa, huyu ni konokono! Atamaliza fishe moja wakati vita inaisha.”

“Konokono sawa,” Papa Mugisho akasema, “lakini saba yake iko saba.”

Tangu siku hiyo nikawa mwandishi.

Kuna mambo ambayo hayako kwenye vitabu vyenu, nami nitayaweka hapa jinsi yanavyonijia. La kwanza: msimuulize mama ana watoto wangapi. Kwetu wamama wengi hawapendi kuhesabu watoto, wanaona ni kuwaonyesha kwa kifo. Atakuambia “beko tu,” yaani wapo tu, naye atafunga uso. Papa Mugisho alitufundisha kuuliza hivi: “Jana mangaribi, nani alikula ku chungu yako?” Hapo jina moja linaita lingine, hata mgeni aliyekimbia kutoka kijiji kingine anatokea, na mama hajahesabu mtu. Kuhesabu unafanya wewe, kimya, kwenye karatasi.

Lakini chungu nacho kina ujanja wake. Kulikuwa na baba mmoja mwenye wake wawili, nyumba zinaangaliana, na wote wawili walimtaja kama amekula kwao. Bahati akamwandika mara mbili, akawa watu wawili. Nilipoona jina linarudi, nilirudi kuuliza. Mke mkubwa akacheka mpaka akakaa chini.

“Muandike kwa ule mwingine! Huku anakuyaka kula tu.”

Tukaweka sheria: chungu kinaleta majina, mahali mtu alipolala ndipo anapoandikwa.

La pili: bahati nasibu lazima iwe ya kweli. Kuchagua vijiji, Papa Mugisho alijumlisha watu wa orodha nzima, kijiji kikubwa kikawa na nafasi kubwa, kidogo na ndogo. Halafu alitoa mfukoni noti ya zamani isiyonunua tena hata kiberiti, akamwambia mtu afumbe macho na kuweka kidole kwenye namba zilizochapwa juu ya noti. Namba iliyoguswa ndiyo tuliyoanzia kuhesabu kwenye orodha. Kijijini tulisimama katikati, tukazungusha bic, kalamu ya wino, chini, na mahali ilipoonyesha ndiko tulikokwenda, nyumba kwa nyumba.

Bic ilituletea visa. Bahati alikuwa na njia yake ya kuizungusha ielekee mahali anaposikia harufu ya kasiksi, pombe ya ndizi. Siku moja askari wawili walitukuta tumeinama juu yake.

“Hii bic inatafuta nini? Dhahabu?”

“Chef, inatafuta batoto ba kupima,” Bahati akajibu.

“Na kama inanionyesha miye?”

“Tutakupima, chef. Lakini kaputula yetu ya mizani iko ndogo.”

Niliona tumekufa. Askari yule akaangalia kaputula ya kitambaa iliyoning'inia kwenye mizani, akaangalia tumbo lake, akacheka. Tukapita. Lakini baada ya hapo Papa Mugisho aliamuru bic izungushwe na mtu wa kijiji, na Bahati asimame mbali.

La tatu ndilo linaloniuma, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Tulipotafuta kiasi cha vifo, Papa Mugisho alichora mstari ubaoni. Juu aliandika vifo. Chini aliandika watu, mara siku ambazo tunawauliza. Mfano wake ulikuwa mwepesi: ukiangalia watu mia tano kwa siku mia moja, umeangalia siku elfu hamsini za maisha. Wakifa kumi, gawanya kumi kwa elfu hamsini, zidisha kwa elfu kumi. Unapata wawili kwa watu elfu kumi kwa siku. Mtu aliyefika au kuondoka katikati unamhesabia nusu. Kulikuwa na mstari wa hatari: ukiupita, ni dharura.

“Bote banalilia ya juu,” alisema. “Angalieni na ya chini. Mukikosa nyumba yenye kifo, na mukaandika ingine yenye haina kifo pa nafasi yake, mumeharibu juu na chini pamoja. Na hesabu itakuwa nzuri sana. Hesabu ya uongo inakuwaka na uso muzuri.”

Kwa sababu hiyo sheria iliandikwa juu ya kila karatasi: mlango ukiwa umefungwa, uliza jirani, rudi mara mbili, na ukiendelea kufungwa, andika kwamba umefungwa. Usichukue nyumba nyingine badala yake.

Tulikwenda Nyangezi, timu kadhaa, kila moja na kilima chake. Kulikuwa na kituo cha lishe pale, nyumba moja ya bati. Muuguzi wake aliitwa Maman Cibalonza. Wamama walimletea watoto waliovimba miguu kwa njaa, naye aliwapa maziwa ya dawa kwa kikombe, kidogo kidogo, siku nzima. Uchunguzi wetu ulikuwa wa kujua kama hali bado ni mbaya. Kituo kingebaki au kufungwa kufuatana na namba yetu.

Kwenye kilima chetu, karibu na Nyangezi, tulikuwa mimi na Bahati na nyumba thelathini. Kizuizi cha askari kwenye barabara ya kurudi Bukavu kilifungwa saa kumi, na asiyefika saa hiyo alilala popote alipo. Tulichelewa kuanza kwa sababu ya mvua. Mlango wa kwanza uliofungwa tuligonga, tukasubiri.

“Beko ku shamba,” Bahati akasema. “Twende ku jirani.”

“Sheria inasema turudie.”

“Konokono, sheria haifunge barriere saa kumi! Andika jirani.”

Nikaandika jirani. Mlango mwingine, hivyo hivyo. Mpaka jioni tuliruka milango saba, na mahali pa milango hiyo nikaandika majirani saba, kwa saba yangu nzuri.

Nami niliona kitu. Mbele ya mitatu kati ya milango ile kulikuwa na majivu, mengi, na mawe na vipande vya miti vimezungushwa vya kukalia. Mtu wa kwetu akiona majivu ya namna hiyo haulizi. Ni moto wa kilio. Wanaume wamekaa pale siku kadhaa na wenye msiba, halafu wote wameondoka. Na kwetu mara nyingi mama aliyefiwa na mtoto anachukuliwa na mama yake, akapumzike kwao, na nyumba inabaki imefungwa. Niliona majivu, nikajua, nikapita. Nilimwonea aibu Bahati, niliogopa kizuizi, na kuongea kulikuwa kugumu kwangu kuliko kutembea.

Bukavu, tukafanya jumla. Nilisoma, Papa Mugisho akaweka vijiti kwenye jedwali lake kubwa. Namba ikatoka chini ya mstari wa hatari. Daktari, mkubwa wa mradi, alifurahi kweli, hakuwa mtu mbaya.

“Basi Nyangezi tunafunga mwisho wa mwezi,” akasema. “Maziwa yote yatakwenda Minova. Kule watoto wanangoja.”

Wote wakapiga makofi kidogo. Mimi nikaangalia miguu yangu.

Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu nilimkuta Papa Mugisho peke yake, nikaweka karatasi zangu mbele yake, nikaweka kidole kwenye nyumba ya nne.

“Papa, hii siyo ya ine. Ya ine ilikuwa imefungwa.”

Akavua miwani. “Ngapi?”

“Saba.”

“Na mbele ya mulango kulikuwa nini?”

Nikamwambia habari ya majivu. Hakunigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa akisugua miwani kwa shati mpaka nikafikiri ataivunja. Halafu akasema, “Utamwambia Daktari weye mwenyewe. Miye nikisema, itakuwa maneno ya muzee. Weye njo uliona.”

Bahati alinisubiri mlangoni. Alikuwa ameshasikia.

“Konokono ameota mudomo! Unataka batufukuze? Miye niko na mke na mutoto, weye uko na nini?”

Alikuwa anasema kweli: yeye ndiye angepoteza zaidi. Nilitembea mpaka chumba cha mkutano nikihesabu hatua, kwa sababu nikihesabu hofu inapungua. Walikuwa wamekaa, Daktari anaandika barua ya kufunga kituo. Nilisimama. Sauti ilitoka ndogo, akaniambia nirudie. Nikarudia: tumeruka milango saba, tumeandika wengine, na mitatu kati yake ilikuwa na majivu ya kilio.

“Nani aliandika?” Daktari akauliza.

“Miye.”

Halafu nyuma yangu mtu akakohoa.

“Tulikuwa babili,” Bahati akasema. “Na miye njo nilimuambia aandike.”

Daktari aliweka kalamu chini. Alitaka tukimbie kesho yake kilimani tukarekebishe nyumba saba. Papa Mugisho akakataa, na hapa vijana nawaomba msome mara mbili.

“Daktari, siwezi kurudilia kilima moja tu. Pale minajua kuna vifo, nikienda pale peke yake, nitakuwa natafuta vifo, hapana ukweli. Turudilie milango yote yenye ilifungwa, mu vijiji byote, ata penye batu beko wazima.”

“Na timu zingine zilifuata sheria?”

Papa Mugisho akaangalia chumba. Mmoja akainua mkono nusu. Mwingine akainua. Mvua ilikuwa imenyesha kila kilima siku ile, na vizuizi vilikuwa kila barabara.

Tukarudi. Kuna vijiji viwili ambavyo hatukufika kwa sababu ya mapigano, na Papa Mugisho aliandika hivyo hivyo: hatukufika. Kwenye kilima chetu milango saba ilijibu kila mmoja kwa namna yake. Watu wa miwili walikuwa kweli shambani, wazima wote, na mzee mmoja akatugombeza kwamba mara ya kwanza hatukumsubiri. Wa mmoja walikimbilia upande wa Sange, majirani wakatupa majina yao. Mmoja ulibaki kufungwa na hakuna aliyejua. Na mitatu ile ya majivu, yote ilikuwa na kifo ndani ya siku zetu.

Mlango wa mwisho alifungua mama kijana, jina lake Mwamini. Alikuwa amerudi kutoka kwa mama yake siku hiyo hiyo, hata ufagio hakuwa ameugusa.

“Asinge, maman,” nikamsalimia.

“Asinge. Munakuya kuhesabu benye kuwa hai? Mutoto wangu haiko tena.”

“Maman, njo ule tunaulizia.”

Akatuketisha. Alitaja nani alikula kwenye chungu kabla ya msiba, mume, mama mkwe, mtoto wa kike mdogo, na yule mvulana. Nikaandika umri, nikaandika alama ya mvulana, nikaandika siku. Akainama kuangalia karatasi.

“Jina yake iko wapi?”

Karatasi yetu haikuwa na mahali pa majina ya waliokufa. Ilikuwa na kisanduku cha umri na kisanduku cha ugonjwa. Nikaandika jina lake pembeni, nje ya mistari: Asukulu. Bahati alisimama akasubiri, na safari hii hakusema neno juu ya mwendo wa mkono wangu.

Ndipo yule mtoto wa kike akatoka nyuma ya mlango. Aliitwa Neema. Uso wake ulikuwa wa duara, mtu asiyejua angesema amenenepa. Nilipiga magoti, nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka tatu, nikaachilia. Shimo likabaki. Ninyi mnajua maana yake: ni maji, si nyama.

“Maman, huyu apelekwe leo kwa Maman Cibalonza.”

“Banasema kule banafunga.”

Nikamwambia bado hawajafunga. Sikuongeza kitu, kwa sababu sikujua.

Bukavu, namba mpya ilipanda. Papa Mugisho hakuiandika peke yake. Aliandika na mpaka wake wa chini na mpaka wake wa juu, akaeleza kwamba tulichagua nyumba chache kati ya nyingi, kwa hiyo ukweli umelala mahali fulani kati ya mipaka hiyo miwili. Na mstari wa hatari ulipita katikati kabisa. Daktari alikasirika.

“Mugisho, niambie moja. Iko juu ao iko chini?”

“Daktari, nikikuambia moja nitakuwa nakudanganya. Ya kwanza ilikuambia chini, na ilikuwa uongo. Hii inakuambia hatujui.”

Daktari alitembea mpaka dirishani, akarudi. “Basi, kama hatujui, hatufungi.”

Nyangezi ikabaki, kwa nusu ya maziwa. Nusu nyingine ilikwenda Minova, na dereva aliyeipeleka alisema wamama wa kule walikuwa wameambiwa wategemee yote. Sijasahau nusu hiyo. Tungefanya kazi vizuri mara ya kwanza, hakuna mama wa Minova ambaye angeahidiwa kitu ambacho hakikuwepo. Kosa la karatasi linatembea mpaka mahali ambapo hukuwahi kukanyaga.

Mimi na Bahati hatukufukuzwa. Papa Mugisho alitupa adhabu yake: kila Alhamisi kwenda Nyangezi kusaidia mizani. Wiki ya kwanza Neema alipungua kilo. Mwamini akashika kichwa.

“Anaisha! Munamuua na huyu!”

“Ni maji inatoka, mama,” Maman Cibalonza akamwambia bila kuacha kukoroga maziwa. “Ngoya maji itoke, kisha tutaona mutoto.”

Wiki ya pili alipungua tena, na niliandika namba ile hivyo hivyo. Wiki ya tatu namba ilisimama. Wiki ya nne ilipanda. Alhamisi moja nilipomvalisha kaputula ya mizani, Neema aliona hataki, akajikunja, akanipiga teke la tumbo mpaka nikakaa kwenye matope. Bahati alicheka, Maman Cibalonza alicheka, nami nikamwangalia Mwamini nikiogopa ataona haya. Alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge na mabega yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka.

“Mupigie tena!” akamwambia mtoto.

Sasa nataka kuwasikia ninyi. Mnaofanya kazi hii leo, niandikieni mniambie: mkifika kwenye mlango uliofungwa na gari linawaita, mnafanya nini kweli, si kile kilichoandikwa kwenye maelekezo? Na mashine zenu, je, zina mahali pa kuandika jina la aliyekufa? Jibuni hata kwa mistari miwili. Nasoma polepole, lakini nasoma zote, na kila atakayeniandikia nitamjibu.